Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuunda na kuseti injini ya Chevrolet 350 kwa gari la barabarani

Ukurasa huu unahusu injini moja tu, yaani V8 ndogo ya Chevrolet yenye inchi za ujazo 350, ambayo ndiyo iliyomo katika Camaro, Nova na Chevelle nyingi za mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mtu anayekusudia kuendesha gari lake mjini na kwenye barabara kuu kwa petroli ya kituo cha kawaida, wala si kwa mtu wa mashindano. Vipimo vimeachwa katika inchi kwa sababu ndivyo vipuri vya injini hii vinavyouzwa. Neno thau lina maana ya sehemu moja ya inchi iliyogawanywa mara elfu.

Kwa nini watu wengi huanza na 350 na si injini kubwa zaidi?

Kwa sababu ni nyepesi kuliko V8 kubwa za Chevrolet, vipuri vyake ni vingi na rahisi, na sehemu zake nyingi zinaingiliana kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Ukoo wake ulianza mwaka 1955 kwa injini ya inchi za ujazo 265, na 350 yenyewe ilitokea katika Camaro SS ya mwaka 1967, ikitangazwa kuwa na nguvu farasi 295. Kipenyo cha silinda ni inchi 4.00 na mwendo wa pistoni ni inchi 3.48. Silinda pana na mwendo mfupi huifanya ipokee resi bila kulalamika, lakini bado ina nguvu ya kutosha chini, ambako gari la mtaani hukaa sehemu kubwa ya maisha yake.

Je, nguvu farasi zilizotangazwa zamani ni za kuaminika?

Zisomwe kwa uangalifu. LT-1, yaani 350 ya nguvu zaidi iliyofungwa kwenye Corvette ya mwaka 1970, ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 370. Mwaka 1971 zikawa 330, na mwaka 1972 zikawa 255. Mtu akiziona namba hizo hudhani injini iliharibiwa ndani ya miaka miwili, kumbe mambo mawili yalitokea kwa kufuatana. Kwanza uwiano wa kompresheni, yaani ni mara ngapi pistoni huubana mchanganyiko wa hewa na petroli, ulishushwa kutoka 11 hadi 9 kwa 1, ili injini ikubali petroli ya oktani ya chini. Kisha njia ya kupima ikabadilika: zamani injini ilipimwa ikiwa juu ya stendi, bila egzosi ya gari, bila kichujio cha hewa na bila vifaa vinavyokula nguvu, na kuanzia mwaka 1972 ikapimwa jinsi inavyokaa ndani ya gari. Basi mwenye kutaka kulinganisha injini yake na ya kiwandani ahakikishe kwamba analinganisha vipimo vya aina moja.

Nitaijuaje bloku iliyo nzuri?

Namba ya bloku imechomoza kwenye chuma upande wa nyuma, karibu na pale giaboksi inapofungwa, upande wa dereva. Namba inayotajwa sana ni 3970010, na wauzaji hupenda kusema kwamba kila bloku yenye namba hiyo ina vifuniko vya beringi kuu vyenye bolti nne. Si kweli, kwa kuwa namba hiyo ilitumika kwa bloku za bolti mbili na za bolti nne pia, na njia pekee ya kujua ni kufungua sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) na kutazama. Kwa injini isiyozidi nguvu farasi 400, mimi sioni sababu ya kulipa zaidi kwa ajili ya bolti nne. Bloku ya bolti mbili isiyo na ufa, ambayo silinda zake hazijawahi kupanuliwa, ni bora kuliko ya bolti nne iliyokwisha kupanuliwa thau 60.

Silinda zipanuliwe kiasi gani, na vipimo gani ni vya lazima?

Zipanuliwe kwa kadiri ya kuondoa uchakavu, basi. Thau 30 ndiyo saizi ya kawaida, na inaifanya injini ya 350 kuwa ya 355. Karakana nzuri hufunga bamba zito la chuma juu ya bloku wakati wa kumalizia silinda, kwa sababu bolti za silinda hedi zikikazwa huvuta chuma na kuipotosha silinda kidogo sana, na ringi za pistoni huuhisi upotofu huo hata kama jicho halioni.

Hapa ndipo injini inapozaliwa au kufa, kwa hiyo afadhali nieleze polepole. Nafasi ya oili kati ya beringi na kranki iwe takribani thau mbili hadi mbili na nusu kwenye beringi kuu, na karibu hivyo hivyo kwenye konrodi. Usiamini maandishi ya kwenye boksi, pima mwenyewe kwa mikromita kila mahali, kwa sababu nimewahi kufungua seti mpya ya beringi ambayo nusu moja ilikuwa ya saizi nyingine. Mwanya wa ringi ya juu huhesabiwa kwa thau nne hadi nne na nusu kwa kila inchi ya kipenyo, kwa hiyo silinda ya inchi 4.030 itahitaji thau 16 hadi 18. Ingiza ringi ndani ya silinda yake, isukume kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, kisha pima mwanya kwa filageji. Ukiwa mdogo, ringi itavimba kwa joto, ncha zake zitagongana na pistoni itavunjika juu. Ukizidi kidogo, utapoteza nguvu ambayo hutaitambua. Kati ya makosa hayo mawili, nadhani chaguo liko wazi.

Uwiano wa kompresheni uwe ngapi kwa petroli ya kituoni?

Kwa hedi za chuma cha kawaida, karibu 9.5 kwa 1. Kwa hedi za alumini, ambazo hupoteza joto haraka zaidi, unaweza kukaribia 10.5. Lakini uwiano haununuliwi, huhesabiwa, na watu wengi hushangaa wanapouhesabu kwa mara ya kwanza.

Chukua injini ya 355 yenye pistoni bapa. Kila silinda inafagia sentimita za ujazo 727. Juu ya pistoni kuna chumba cha hedi cha 64, vijishimo vya vali vya 6, gasketi ya karibu 9, na nafasi ya 5 hivi kwa sababu pistoni ya kiwandani hubaki thau 25 chini ya uso wa bloku. Jumla ni 84. Jumlisha 727 na 84, gawanya kwa 84, na uwiano unakuwa takribani 9.6. Badilisha hedi tu, uweke zile za chumba cha 76 zilizokuwa za kawaida katika miaka ya 1970, na uwiano unaanguka hadi karibu 8.6 bila ya kugusa kitu kingine chochote. Rudisha chumba cha 64, kisha ukate uso wa bloku hadi pistoni ifike juu kabisa, na unapata zaidi ya 10.

Huko kukata uso wa bloku kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye hesabu. Pistoni ikifika juu kabisa na gasketi ikiwa na unene wa thau 40, nafasi iliyobaki ni finyu kiasi kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli hufinywa kwa kasi kuelekea kwenye plagi. Moto huenea upesi na injini haigongi kirahisi, yaani mchanganyiko haulipuki wenyewe badala ya kuwaka. Injini ya 10 kwa 1 yenye nafasi hiyo finyu mara nyingi huvumilia petroli ya kituoni vizuri kuliko ya 9.3 yenye nafasi ya thau 65.

Angalizo kwa wasomaji walioko nje ya Marekani: oktani ya Marekani huandikwa kwa wastani wa vipimo viwili, ilhali Ulaya na Afrika Mashariki hutumia kipimo kimoja kiitwacho RON. Petroli ya 91 kwenye pampu ya Marekani ni karibu sawa na RON 95 au 96.

Hedi gani zinafaa kwa bajeti ndogo?

Za Vortec, zilizofungwa kwenye malori ya Chevrolet na GMC kuanzia mwaka 1996. Zina chumba cha 64 na njia za hewa zilizochorwa vizuri, kiasi cha kuziacha nyuma hedi nyingi za kale zinazouzwa kwa bei ya dhahabu. Zina masharti yake, hata hivyo: manifoldi ya kuingizia lazima iwe ya Vortec, kwa kuwa hufungwa kwa bolti nane badala ya kumi na mbili, na springi za kiwandani hazikubali vali kuinuka zaidi ya karibu inchi 0.460 mpaka hedi ifanyiwe kazi. Zikague pia kama zina nyufa kwenye viti vya vali, kwa sababu zilizowahi kuchemshwa hupasuka hapo.

Nichague kemshafti ya namna gani?

Kemshafti, ule mhimili unaofungua vali, iwe ndogo kuliko unayoitamani.

Mtu husikia injini ikinguruma kwa kuyumbayumba kwenye taa nyekundu, moyo ukamdunda, akaenda kununua kemshafti inayofanana na sauti ile. Sauti hiyo hutoka pale vali za kuingizia na za kutolea zinapokuwa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu, hivyo moshi uliobaki hurudi na kuchafua mchanganyiko mpya. Resi ikiwa juu, kasi ya hewa hufuta kasoro hiyo na kuigeuza kuwa faida. Resi ikiwa chini, unapoteza kompresheni, petroli na vakyumu.

Vali kukaa wazi kwa digrii 214 hadi 224, zikipimwa kuanzia tapeti (kipande kinachosukumwa na kemshafti) inapoinuka thau 50, kunatosha kwa 350 ya barabarani. Injini hiyo itavuta kuanzia mizunguko 1,500 hadi 5,500 kwa dakika. Ukifika 236 au 240, nguvu huanza kuonekana baada ya mizunguko 3,000, na hapo giaboksi ya automatiki itataka konveta (kiungo cha maji kati ya injini na giaboksi) inayoachia kwenye mizunguko ya juu zaidi, difu itataka uwiano wa 3.73 au 4.10 badala ya 3.08, na buster ya breki itabaki na vakyumu kidogo hata kanyagio liwe gumu kama jiwe. Nimeendesha gari la namna hiyo kwa msimu mmoja. Lilikuwa tamu kwa sekunde kumi kwa wakati mmoja, na lilichosha muda wote uliosalia.

Jambo la mwisho ni aina ya tapeti. Bloku zilizotoka kuanzia mwaka 1987 ziliandaliwa kwa tapeti zenye roli, nazo huondoa kabisa hatari inayoelezwa hapa chini kwenye swali la kuwasha mara ya kwanza. Bloku za zamani zinaweza kufungwa roli pia, ila kwa tapeti zilizounganishwa mbili mbili, ambazo bei yake ni kubwa.

Je, inafaa kuibadilisha iwe 383?

Inafaa kama kranki yako imekwisha, kwa kuwa utanunua nyingine vyovyote vile. Injini ya 383 ni bloku ya 350 iliyopanuliwa thau 30 na kupewa kranki yenye mwendo wa inchi 3.75, ule wa injini ya 400. Nguvu yake ya chini ni kubwa zaidi na hufika mapema. Hakikisha konrodi hazigusi kingo za chini za bloku wala kemshafti, na uulize kama kranki imesawazishwa ndani au nje, kwani ya nje huhitaji flaiwili na puli yake maalumu. Ukiichanganya na puli ya 350, injini itatetemeka mpaka ijivunje.

Bolti zikazwe kwa nguvu gani?

Kwa bolti za kiwandani, beringi kuu hukazwa futi-pauni 70, konrodi 45 na hedi 65, kwa hatua tatu na kuanzia katikati kwenda nje. Ukitumia bolti za kampuni nyingine, fuata karatasi yao pamoja na kilainishi chao. Usisahau kwamba matundu ya bolti za hedi katika injini hii hufika kwenye maji, kwa hiyo kila uzi upakwe dawa ya kuzuia kuvuja, vinginevyo utaona maji yakipanda juu kwenye bolti na kuingia kwenye oili.

Tapeti za haidroliki zinasetiwaje?

Geuza injini mpaka vali ya kutolea ya silinda fulani ianze kufunguka, ndipo useti ya kuingizia ya silinda hiyo. Endelea mpaka ya kuingizia imefunguka na inakaribia kufunga, ndipo useti ya kutolea. Kaza nati ya roka (mkono unaoikandamiza vali) huku ukiipandisha na kuishusha fito inayoisukuma roka hiyo, kwa vidole viwili. Nafasi inapokwisha tu, ongeza nusu mzunguko na uache. Mafundi wengi huizungusha fito badala ya kuipandisha, nao huishia kukaza kupita kiasi kwa sababu oili kwenye vidole hudanganya.

Kuwasha mara ya kwanza kuna taratibu gani?

Kwa kemshafti ya tapeti bapa, hii ndiyo nusu saa yenye gharama kubwa kuliko zote. Chini ya tapeti hapakunyooka kabisa, pamevimba kidogo sana, na uso wa kemshafti umenolewa kwa mshazari, ili tapeti izunguke inapofanya kazi. Mahali hapo hupata oili kwa kurushiwa na kranki, na kranki ikizunguka polepole hairushi ya kutosha. Ndiyo maana injini mpya haiachwi kwenye mzunguko wa chini, hupelekwa mara moja kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika na kubadilishwa badilishwa humo kwa dakika 20 hadi 30.

Kabla ya hapo, toa distributa na uizungushe pampu ya oili kwa drili, upande wa saa, kwa kutumia kifaa chenye umbo la distributa. Utasikia drili ikizidiwa ghafla oili inapofika, na geji ikipanda. Endelea huku mwenzako akigeuza kranki taratibu, mpaka oili itoke kwenye roka zote 16. Jaza oili yenye zinki na fosforasi nyingi, kwa sababu oili za magari ya kisasa zilipunguziwa viungo hivyo ili kulinda vifaa vya kusafisha moshi.

Nilipounda injini yangu ya pili niliyajua yote haya. Iliwaka vizuri, kisha kabureta ikaanza kufurika petroli kwa sababu ya uchafu kwenye sindano ya floti, na badala ya kuizima nikaiacha ikizunguka polepole kwa dakika kumi huku nikihangaika na bisibisi. Baada ya maili 200 hivi silinda ya tano ilianza kumisi na kupiga chafya kupitia kabureta. Tapeti niliyoitoa ilikuwa imeliwa chini ikawa na shimo kama kijiko, na oili ilipomiminwa juani ilimetameta. Ilibidi nifungue kila kitu hadi kranki, kwa kuwa vumbi lile la chuma lilikwisha kupita kwenye beringi zote. Petroli ikifurika, zima. Injini ikishawekwa sawa, iwashe tena na uirudishe kwenye mizunguko 2,000.

Taimingi isetiwe vipi?

Taimingi ni digrii ngapi za kranki plagi huwasha moto kabla pistoni haijafika juu. Hakikisha kwanza kwamba alama ya sifuri inasema kweli. Puli ya mbele ya injini hii ina pete ya nje iliyoshikiliwa kwa mpira, na mpira wa miaka 50 huteleza, kwa hiyo alama inaweza kuhama digrii 10 bila mtu kujua. Fungia kizuizi kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza, geuza kranki kwa mkono hadi pistoni iguse, weka alama, geuza upande wa pili hadi iguse tena, weka alama nyingine. Sifuri ya kweli iko katikati yake. Mpangilio wa moto ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na silinda za namba witiri ziko upande wa dereva.

Kisha chomoa mpira wa vakyumu wa distributa, uuzibe, na useti kwa kuangalia jumla (digrii za mizunguko ya juu) kabla ya mwanzo (digrii za mzunguko wa chini). Hedi za kale hupenda digrii 34 hadi 36 kufikia mizunguko 3,000, na za Vortec, kwa kuwa moto wake huenda haraka, huridhika na 32 hivi. Mwanzo wa digrii 12 hadi 14 ni mzuri kwa kemshafti niliyoieleza. Vakyumu ikirudishwa huongeza digrii 10 hadi 15 gari linapotembea bila mzigo, na asemaye kwamba kifaa hicho hakina kazi anapoteza petroli na kuchemsha injini bure.

Ukifunga distributa ya HEI, ile ya elektroniki ambayo General Motors (GM), wenye Chevrolet, iliieneza kwenye magari yake mwaka 1975 badala ya pointi, ipe waya mpya wenye volti 12 kamili. Waya wa zamani wa koili una ukinzani ndani yake, na HEI itawaka nao vizuri karakanani kisha ianze kumisi unapokanyaga mafuta.

Kabureta ya ukubwa gani, na inasetiwaje?

Zidisha inchi za ujazo kwa mizunguko ya juu, gawanya kwa 3,456. Kwa 350 na mizunguko 6,000 jibu ni karibu futi za ujazo 608 kwa dakika, na hiyo ni kama silinda zingejaa kabisa, jambo ambalo injini ya barabarani haliwezi. Kabureta ya 600 inatosha. Quadrajet, kabureta ya kiwandani ya 750, hufaa pia, kwa sababu milango yake ya mbele ni midogo na ya nyuma hufunguka kwa kadiri injini inavyovuta.

Seti floti kwanza, presha ya petroli ikiwa kati ya pauni 5 na 7, kisha skrubu za mzunguko wa chini, ukizigeuza kidogo kidogo huku ukitazama geji ya vakyumu mpaka ifike juu kabisa. Kwenye kabureta za Holley, vali ya nguvu (inayoongeza petroli injini inapobebeshwa mzigo) huchaguliwa kwa kugawa vakyumu hiyo kwa mbili, gia ikiwa imeingizwa kama gari ni automatiki. Jeti kuu, yaani vitundu vinavyopimia petroli, ziachwe mpaka mwisho.

Ninaishi mahali pa mwinuko mkubwa. Kuna tofauti?

Ipo. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo Denver, kama ilivyo Nairobi ambayo iko juu zaidi, kipimo cha nguvu kitakukatisha tamaa. Hewa ikiwa nyepesi mchanganyiko huwa na petroli nyingi kupita kiasi, na desturi ni kupunguza jeti kwa namba moja kwa kila futi 2,000. Uzuri wake ni kwamba kompresheni inaweza kuwa juu kidogo bila injini kugonga, ila ukishuka pwani kwa likizo usisahau jambo hilo.

Injini inagonga ninapopanda mlima. Nianzie wapi?

Rudisha taimingi nyuma digrii 2 na upite mlima huohuo kwa gia ileile. Kelele ikiisha, ulikuwa umeizidisha. Isipoisha, chomoa mpira wa vakyumu na ujaribu tena, kwani huenda kifaa kinaongeza digrii nyingi mno. Kama bado inagonga, toa plagi na uzitazame kwa lenzi: vidoadoa vyeusi au vya kung'aa kwenye kauri nyeupe ni dalili ya kwamba moto unalipuka badala ya kuwaka, na nyeupe kavu isiyo na rangi yoyote ni dalili ya upungufu wa petroli, ambao mara nyingi huletwa na hewa inayovuja chini ya manifoldi kwenye gasketi iliyokaa vibaya.

Je, injini kama hii itapita ukaguzi wa moshi?

Inategemea jimbo. California haikagui moshi wa magari ya petroli ya mwaka 1975 na kurudi nyuma. Gari la mwaka 1976 lenye injini hiyohiyo hukaguliwa.